Jinsi ya Kutia Rangi Maleba ya Ngoma Bila Kuwapaka Rangi Wachezaji

Kitambaa cha meza kina maisha ya raha: kinatandikwa, kinasifiwa, kinakunjwa. Vazi la ngoma linafungwa kiunoni, linalowa jasho, linasuguana na mapaja, linaburuzwa vumbini, kisha linafuliwa usiku ili kesho livaliwe tena. Anayetaka kulitia rangi kwa mkono aanze kuwaza hapo. Rangi ikipendeza kwenye kamba ya kuanikia, kazi imefika nusu. Nusu iliyobaki itahukumiwa na kiuno cha mcheza sindimba. Mwongozo huu ni wa kikundi chenye ndoo, uwanja na subira. Ndoo na uwanja vinaazimika kwa jirani. Subira njoo nayo.

1. Choma kabla hujachovya

Muuza vitambaa atakuapia kwamba jora lake ni pamba tupu. Mshukuru, kisha chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi, na majivu yake hupukutika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi. Rangi za batiki zimetengenezwa kwa ajili ya pamba. Poliesta itazinywa kwa adabu, halafu izitapike zote kwenye maji ya kusuuzia. Na uzi wa cherehani mara nyingi ni poliesta. Chovya gauni lililokwisha kushonwa, nalo litatoka zambarau huku mishono imebaki myeupe, kila pigo la sindano likihesabika. Tia rangi kwanza, fundi afuate.

2. Vua kitambaa wanga wake

Kitambaa kipya hutoka kiwandani na wanga unaokifanya kisimame vizuri dukani, na wanga huo huizuia rangi kufika kwenye nyuzi. Kifue kwa maji ya moto na sabuni, ukisuuze. Kama ni cha kusinyaa, kisinyae sasa. Sketi inayosinyaa baada ya onyesho la kwanza humpa mchezaji mtindo ambao hakuufanyia mazoezi.

3. Sufuria ya ugali ibaki na ugali wake

Mafundi wengi wa batiki Tanzania huchanganya rangi na kostiki soda na haidrosalfaiti. Kostiki hula alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Tumia ndoo ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu, kisirudi tena jikoni. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, maana hufoka na kurukia macho. Vaa glavu, miwani na barakoa, ufanyie kazi nje, watoto wakae mbali. Katika hatua hii hakuna utani.

Ukitumia nili, usimlaumu mtu kitambaa kikitoka ndooni kimanjano chenye ukijani. Kitandaze na ungoje. Hewa itaanza na kingo na migongo ya mikunjo, bluu itokee hapo, kisha isambae taratibu hadi katikati. Ndani ya ndoo nili imeondolewa oksijeni ili iyeyuke. Nje oksijeni inairudia, na ikishairudia nili inakaa ndani ya nyuzi.

4. Washauri wa chumvi na siki

Watakuja. Wakaribishe chai. Chumvi husaidia kuisogeza rangi kutoka kwenye maji kwenda kwenye kitambaa, ila haiishikizi. Siki ina kazi yake kwenye hariri, sufi na nailoni, kwa rangi zake maalumu. Kwenye pamba haisaidii. Rangi za riaktivu, ambazo kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuziuza mwaka 1956, hufunga ndoa na pamba zikipata soda ashi, ile inayotengenezwa kwa magadi ya Ziwa Magadi, Kenya. Tia kikombe kimoja katika lita 4 za maji, loweka kitambaa robo saa, kikamue, kitie rangi, ukifunike kwa plastiki kibaki kibichi mpaka kesho yake. Joto la Tanga au Mombasa litakusaidia bure. Njombe mwezi wa Julai, kilaze ndani penye joto.

Bizari ya manjano inavutia, lakini hupauka juani, na sabuni ya mche huigeuza nyekundu. Iache kwenye mchuzi.

5. Kikundi kimoja, ndoo moja

Rangi ya leo na ya kesho hazifanani, hata zikitoka pakiti moja. Pima kwa mizani, na vitambaa vya kikundi kizima vichovywe pamoja. Ukifunga batiki, funga mafundo makubwa: madoadoa madogo hayafiki viti vya nyuma, lakini mistari mipana ya wima huonekana kila nyonga inapozunguka. Na muulize mtu wa taa mapema. Chini ya taa ya bluu iliyokolea, nyekundu yako ya kujivunia itaonekana nyeusi.

6. Mtihani wa kiuno

Suuza kwa maji baridi hadi yatoke safi, kisha kwa maji ya moto na sabuni. Sasa chukua kipande kimoja, mfunge mchezaji mmoja juu ya kitambaa cheupe cha zamani, acheze mazoezi yote hadi jasho limtoke. Kagua pale penye fundo, ambapo joto, jasho na msuguano hukutana. Cheupe kikiwa na rangi, rudi kwenye maji ya moto. Kikiwa cheupe, mwite fundi.

Yote haya yanataka juma zima, na kikundi kinachoanza Ijumaa kwa onyesho la Jumamosi kivae kanga, ambazo nazo zinapendeza. Juma hilo ni haki ya mchezaji. Anayejua kwamba vazi lake halitamwaga rangi hucheza bila kuliangalia, na huyo ndiye ambaye watu wamelipa kiingilio kumwona.