Namna ya Kuwa Bahili Bustanini

Shangazi yangu wa Tanga aliniona kwenye simu ya video nimebeba chungu cha mmea, akasogeza uso mpaka kioo kikajaa jicho lake moja.

"Mwanangu, huo si mnyaa huo?"

"Ni nduguye, shangazi."

"Na umeununua? Kwa pesa?"

Hakukosea sana kuuita mnyaa. Mnyaa anaoujua yeye, ule wa vijiti vya kijani unaozungushiwa ua na ambao hata mbuzi huupita mbali, ni wa jenasi moja na mmea niliokuwa nimeushika. Jenasi hiyo, Euphorbia, ina spishi zipatazo 2,000: nyingine zimekuwa miti, nyingine zimevaa miiba kama mpungate, nyingine ni magugu ya shambani. Wangu ni kijichaka cha nusu mita hivi, na majani yake yana rangi ambayo muuza kanga angeiita damu ya mzee. Hayapukutiki baridi ikija. Mimi nimeupanda Essex, mashariki mwa Uingereza, kwenye kipande cha ardhi kilichojaa changarawe na kupigwa jua kutwa. Wageni wakiuona hudhani nimeuhangaikia. Sikuuhangaikia hata kidogo. Nimekuwa bahili tu, na ubahili huu unafundishika.

Anza kuubania kivuli. Mmea wangu, unaouzwa kwa jina la 'Blackbird', ni wa ukoo wa Euphorbia × martini, chotara wa wazazi wawili wasiofanana tabia. Mmoja, Euphorbia characias, ni wa vilima vya mawe vinavyoizunguka Bahari ya Mediterania, kuanzia Ureno hadi Uturuki. Huko mvua hunyesha majira ya baridi na kiangazi hakina tone. Wa pili, Euphorbia amygdaloides, ni wa misitu ya Ulaya, amezoea kukaa chini ya miti mikubwa. Mtoto wao anaweza kuishi kivulini kwa sababu ya huyo mzazi wa msituni, lakini ukimweka huko majani yatarudi kuwa ya kijani, na hutaona tena kile ulichokilipia. Ile rangi nyeusi-nyekundu hutokana na anthosayanini, jamii ileile ya rangi inayofanya zambarau zilizoiva zituache na ndimi za buluu. Jua kali huizidisha. Tafuta basi pahali ambapo wewe mwenyewe usingekaa saa saba mchana bila kofia, panda hapo.

Sasa maji. Hapa ndipo watu wema wanapoharibu kila kitu. Wewe unayezunguka na ndoo kila jioni, unamwagia hiki, unamwagia kile, nakusihi uketi. Yuforbia hii inapokufa Ulaya, mara nyingi haifi kwa kiu wala kwa baridi yenyewe. Hufa kwa sababu mizizi yake imelala kwenye matope miezi mitatu ya baridi, ikaoza. Wa kwanza nilioununua niliuziwa na muuzaji aliyenisisitizia niuweke kwenye udongo mnono, wenye unyevu, na nisiuache ukauke. Kufika Februari shina lilikuwa laini kama ndizi iliyopitiliza. Iliniuma, maana mmea ule ulikuwa mzuri na haukuwa na kosa.

Aliyenifumbua macho ni Beth Chatto, ingawa hatukuwahi kukutana. Bibi huyu alizaliwa 1923 na kufariki 2018, na bustani yake iko Elmstead Market, karibu na mji wa Colchester. Mwaka 1978 alichapisha kitabu kuhusu bustani kavu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akachukua uwanja uliokuwa maegesho ya magari ya wageni wake, akaugeuza bustani ya changarawe. Ardhi ile iliyoshindiliwa na magurudumu ilitifuliwa kwa kina kwanza, mimea ikapandwa, changarawe ikatandazwa juu. Kisha akaweka nadhiri ambayo ningependa kila mwenye ndoo aisikie: bustani ile haitamwagiliwa. Mvua ya pale ni kama milimita 500 kwa mwaka, kiwango kisichopishana sana na cha Dodoma, ila ya Dodoma huja kwa msimu mmoja na ya Essex hugawanywa kidogokidogo mwaka mzima. Kila nikienda huwa nasimama mbele ya yuforbia zake kubwa za Mediterania, zenye vichwa vya manjano-kijani vinavyonifika kiunoni, najiambia kwamba hizi hazijaonja maji ya bomba tangu zikue.

Kwa hiyo chimba shimo, na kama udongo wako ni wa mfinyanzi changanya kokoto ndogo kwa ukarimu, au inua tuta. Panda majira ya kuchipua, mizizi ipate miezi ya joto kabla ya baridi ya kwanza. Kiangazi cha kwanza tu ndicho kinachoruhusu ndoo: maji mengi mara moja kwa wiki ikiwa mvua haijanyesha, yashuke chini mizizi iyafuate. Kumwaga kikombe kila siku huifundisha mizizi kubaki juu ikisubiri kuletewa. Mwaka wa pili weka ndoo stoo.

Mbolea, usiweke. Samadi huufanya mmea huu unenepe, mashina yawe marefu na mororo, kisha upepo wa kwanza uyalaze chini.

Kuna kitu kimoja tu ambacho nakukataza kukifanyia ubahili, nacho ni glavu. Kila kipande cha mmea huu ukikikata hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na maziwa hayo ni sumu. Shangazi alitufokea sote tulipokuwa wadogo kwa kuvunja vijiti vya mnyaa, na alikuwa na haki: utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kumnyima mtu kuona. Wa huku nao huchoma ngozi, hutoa malengelenge, na jichoni huleta maumivu makali mno. Vaa glavu, vaa miwani ya kazi, usijifute jasho usoni. Ukigusa utomvu, osha papo hapo kwa maji mengi na sabuni. Ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi kwa muda usiopungua robo saa, kisha nenda hospitali ukawaambie ni mmea gani. Kama nyumba yako ina mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni, mmea huu usubiri akue. Ukali huohuo ndio unaowafukuza sungura na paa, wanaokula kila kitu kingine katika bustani za hapa. Jenasi yote ilipata jina lake kwa daktari: Mfalme Juba wa Pili wa Mauretania, huko Afrika Kaskazini, aliupa mmea mmoja wa milima ya Atlas jina la tabibu wake, Euphorbus, na ukatumika kama dawa ya kuharisha. Wewe usijaribu.

Kukata kunahitaji maelezo marefu kidogo, maana ndiko wanakokosea hata wazoefu. Shina la yuforbia hii lina miaka miwili. Mwaka wa kwanza linaota majani tu. Linavumilia baridi, kisha mwanzo wa majira ya kuchipua mwaka wa pili linatoa maua kileleni. Nayaita maua kwa mazoea, hayana petali. Unachokiona ni vijani vya kijani-ndimu vilivyojipinda kama vikombe, na ndani yake vitezi vidogo vya asali ambavyo nyuki huvifikia mapema, wakati vitu vingine bado vimelala. Rangi hiyo ya ndimu juu ya majani meusi ndiyo niliyoinunulia mmea. Ikishakwisha, ukingoni mwa kiangazi, shina lile limemaliza kazi na halitachanua tena. Likate chini kabisa, karibu na ardhi. Lakini pembeni yake tayari yamesimama mashina mapya, mafupi, yenye majani tu. Hayo ndiyo maua ya mwakani. Nimewaona watu wakipitisha mkasi juu ya kichaka chote, kikawa duara nadhifu kama kichwa cha mtoto anayeanza shule, kisha mwaka unaofuata wanalalamika kwamba mmea wao hautoi maua. Umekataje tumaini lote kwa siku moja?

Jua pia kwamba haiishi sana. Miaka mitano kwa kijichaka hiki ni umri wa heshima. Kwa hiyo mwanzo wa kiangazi chukua vichipukizi vichache visivyo na maua, vya urefu wa kidole, vichovye kwenye maji ya uvuguvugu mpaka vikome kutoa utomvu, kisha vichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo. Vingine vitaoza. Vitakavyoshika vitakuwa sawasawa na mama yao kwa rangi, jambo ambalo mbegu haziwezi kukuahidi.

Mtihani wa mwisho utakuja asubuhi ya baridi kali. Utafungua pazia, utaukuta mmea umeinamisha mashina yote, majani yamening'inia, kama mtu aliyepokea habari mbaya. Mkono wako utaitafuta ndoo. Iache ilipo. Mmea huu hunyong'onyea barafu inapouma, na ardhi iliyoganda haina pa kupeleka maji yako. Bandika chai, tia iliki, kunywa taratibu. Jua likipanda juu ya paa la jirani, mashina yataanza kunyooka moja baada ya jingine, na ifikapo saa tano utayakuta yamesimama, meusi, yakimeremeta umande.