Nondo za Milimita 12

Gunia la mahindi lilishuka kutoka kwenye pikipiki mlangoni kwetu, Kamembe, Rwanda, asubuhi ya Jumamosi. Lilitoka Bugarama kwa mama mkwe, kwa hiyo nililipokea kwa heshima kama vile yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ndani. Jioni akapiga simu.

"Baba Salma, mahindi yamefika?"

"Yamefika Mama, asante sana."

"Yapeleke mashineni wiki hii hii."

"Ndiyo, Mama."

Nikalisukuma hadi chumba cha nyuma, nikaegesha juu yake redio mbovu, nikaendelea na maisha.

Yapata wiki ya sita, kidudu cha kahawia kikaanza kuzunguka balbu ya sebuleni. Kesho yake wakawa wanne. Siku ya tatu nikatoa koti langu la harusi kabatini nikalikuta na tundu kwenye mkono, nikapata jibu papo hapo: nondo wanakula nguo! Nikatoa kila kitambaa kilichomo nyumbani, nikakianika uani, kwenye ua wa miti, hadi juu ya banda la kuku. Jirani akachungulia, akauliza kwa sauti ya chini kama tunahama au tumefiwa. Mke wangu alikuwa kazini. Aliporudi akaniangalia kwanza mimi, kisha koti.

"Hili tundu ni la pasi ya mkaa. Cheche iliruka siku ya ubatizo, na wewe ndiye uliyekuwa unapiga pasi. Halafu hili koti ni poliesta. Mdudu gani anakula plastiki?"

Baadaye nilisoma nikakuta yuko sahihi. Nondo wa nguo hutaka sufu, manyoya, unyoya wa ndege, vitu vilivyotoka mwilini mwa mnyama. Na anayetafuna ni kiwavi wake, si yule anayeruka. Tena nondo wa nguo huchukia mwanga, ukiwasha taa anakimbilia mikunjoni. Wa kwangu walikuwa wanaipenda balbu kuliko mimi ninavyoipenda, na bili nalipa mimi.

Basi ni nani? Mke wangu akaweka beseni la maji chini ya balbu, akili ileile ya wavuvi wa samaki waitwao sambaza wanaowasha taa zao Ziwa Kivu usiku. Asubuhi tukavua kumi na mmoja. Nikamlaza mmoja juu ya karatasi, nikachukua rula ya Salma: kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, milimita 12. Rangi ya majani makavu. Mabawa membamba, yale ya nyuma yana ncha iliyochongoka kama kidole kinachomwonyesha mtu mwingine, na pembeni yana nywele ndefu kama pindo za shuka.

Hapo nikafanya kosa la kumpigia binamu yangu wa Kigoma. Yeye ni mtu wa vitabu kidogo na mtu wa kazi nyingi, na nilijua nyumbani kwao wanahifadhi mahindi.

"Kaka, niko na nondo hapa nyumbani, ziko mingi. Nataka kujua ni za aina gani."

"Milimita ngapi?"

Nikafurahi. Kumbe jamaa ni mtaalamu! "Kumi na mbili."

"Hizo ni za nguzo. Hali yake?"

"Rangi ya kahawia hivi."

"Aa, zimeshika kutu. Zisugue na brashi ya waya. Umezihifadhi wapi?"

"Nafikiri zinatoka chumba cha nyuma..."

Salio likaisha. Nikakaa na simu mkononi, nikijaribu kumwona mtu akimsugua mdudu kwa brashi ya waya, nikaona ni vigumu hata kumshika. Ilinichukua usiku mzima kukumbuka kwamba binamu yangu ni fundi ujenzi, na kwamba vile vyuma ambavyo sisi huku tunaviita ferabeto, Tanzania ndiyo nondo. Kiswahili chetu cha mpakani na Bukavu kilinimaliza. Ningesema "wako wengi" kama kitabu kinavyotaka, angejua ni wadudu. Nimesema "ziko mingi", nimejigeuza duka la vifaa vya ujenzi.

Jibu lilitoka kwa redio. Niliiondoa juu ya gunia nikitafuta waya, wingu la kahawia likanipanda usoni. Nikachota mahindi gao moja. Punje nyingi zilikuwa na tundu la duara, safi, kama limetobolewa na fundi saa. Nyingine zilikuwa na kidirisha cha ngozi nyembamba, bado kimefungwa. Nikakibonyeza kimoja kwa ukucha. Ndani ya punje palikuwa patupu, na mwenyeji wake akiwa pupa, amelala.

Huyu ndiye nondo wa nafaka. Wanasayansi humwita Sitotroga cerealella, Wafaransa humwita alucite. Si mgeni wa leo: mwaka 1760 wataalamu wawili, Duhamel du Monceau na Tillet, walitumwa jimbo la Angoumois huko Ufaransa kwa sababu yake, wakawashauri wakulima wapitishe nafaka kwenye tanuri. Jike hutaga mayai juu ya punje, wakati mwingine mahindi yakiwa bado shambani. Kiwavi akianguliwa anatoboa kitundu kisichoonekana, anaingia punje moja, na humo humo anakula, ananenepa, anakua. Kabla ya kulala usingizi wa pupa anachonga kile kidirisha, maana akishakuwa na mabawa hatakuwa na meno ya kutobolea njia. Hilo ndilo lililonigusa. Kiwavi anamfikiria nondo atakayekuwa. Mimi sikuweza kumfikiria hata mla ugali wa wiki ijayo. Palipo na joto safari yote huchukua kama wiki tano, na Bugarama ni joto kweli, ndiko chini kabisa kwa Rwanda. Yule anayeruka huishi siku chache, anapandana, anataga, anakufa. Mahindi yangu hakuyagusa. Nilikuwa nimekesha nikimwinda kwa kandambili mtu aliyeshamaliza kula.

Kuku walipata sikukuu. Ikabaki kumwambia mwenye gunia. Kwetu mama mkwe hata jina lake hulitamki, sasa utamwambiaje kwamba zawadi yake imeruka? Nikazunguka: mvua, bei ya mchele, afya ya shangazi. Akanikatiza.

"Zimeanza kuruka?"

"...Ndiyo, Mama."

"Sasa nilipokwambia uyapeleke mashineni wiki ileile, ulifikiri nina haraka ya nini?"

Nilikuwa bado ninatafuta jibu la adabu simu ya pili ilipoingia. Kigoma.

"Kaka, zile nondo zako nimezipatia mteja. Anamwaga zege Jumatatu. Ziko ngapi?"