Beseni la K

Mwalimu wa PP1 hutuma ujumbe wake wakati chapati iko kikaangoni. Alhamisi moja aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: kesho kila mtoto aje na vitu vitano vinavyoanza kwa sauti ya k, vya kushikika, si picha. Wazazi tumeshazoea. Tangu mtaala wa umilisi uingie mashuleni mwaka 2019, kazi ya nyumbani ya mtoto wa chekechea ni kazi ya ukoo mzima. Hapa kwetu Utange ukoo wenyewe ni mimi, mume wangu, mamangu mzazi na kitinda mimba wangu wa miaka minne.

Mume wangu akajitwika ualimu. Yeye ni mtu wa Voi na anaamini utaratibu. Akaleta beseni la plastiki la kufulia, akalibandika karatasi yenye K kubwa, akamkalisha mtoto mkekani. "Si ka. Ni k. K, k, k." Alisikika kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa changu. Mama, aliyekuwa akichambua mchele, akauliza ni nani huyo aliyepaliwa.

Mama alisoma kwa ka-ke-ki-ko-ku, kama alivyofunzwa chuoni ba fataha ba, na kwa Kiswahili huwezi kumkosoa: silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na mtoto akishazishika hizo, kusoma neno zima si kazi. Mwalimu wa siku hizi anataka sikio litangulie, mtoto asikie mwenyewe kwamba kuku, kiko na kofia zinaanzia pamoja, hata kabla hajashika kalamu. Ndivyo vilivyopangwa pia vitabu vya Tusome, vilivyoingia madarasa ya chini mwaka 2015: sauti, kisha silabi, kisha neno. Kwa maoni yangu njia hizi mbili zinaweza kukaa nyumba moja. Nyumba hiyo tu isiwe na mama mkwe na mkwewe wasiopenda kushindwa.

Mtoto alielewa upesi kuliko tulivyotaka. Akaleta kijiko, akapigiwa makofi. Akaleta kikombe, kitana, kandambili moja. Makofi yakampanda kichwani. Nilipotoka jikoni kuangalia, beseni lilikuwa na kitambulisho cha babake na ile kofia ya viua iliyofuliwa na kutiwa wanga kwa ajili ya Ijumaa. Juu ya kofia alikaa kuku wa mama, aliyekuwa akiatamia nyuma ya nyumba, sasa kafungwa miguu.

"Na kamba pia ni k," mtoto akatuonyesha.

Hata hapo mambo yangetengenezeka. Lakini mume wangu alikuwa amefungua kitabu cha shule kwenye picha ya yule mwenye magando, atembeaye upandeupande, akakumbuka gamba tuliloliokota pwani ya Bamburi, liko dirishani miaka. "Kaa!" akasema kwa furaha. "Kimbia, lete kaa!"

Mtoto akakimbia, ila si dirishani. Akarudi kutoka jikoni na makaa mikono miwili, akayamwaga beseni zima. Kuku akapiga mbawa, kamba ikafunguka, akaikanyaga kofia nyeupe huku na huko akitafuta njia, akatoka kwa mlango wa mbele. Alichotuachia ni manyoya, na kile alichokiacha juu ya kitambulisho sikitaji.

"Mtoto hana makosa," mama akasema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Wewe, baba, umemwambia kaa, naye kaleta kaa la jikoni. Ungemtaka yule wa pwani, ungesema k'aa."

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Sivyo. Ndoo hapa, babu," akamwita mjukuu. Akaokota unyoya mdogo wa kifuani, akaulaza kiganjani karibu na midomo ya mtoto. "Sema kaa la moto." Unyoya haukutikisika. "Haya, sema k'aa wa pwani." Ukaruka. Wakaingia kwenye p: paa la nyumba, unyoya kimya, p'aa wa mwituni, unyoya juu. Mtoto alicheka mpaka akalala chini. Ikaja zamu ya babake. Kwake makaa, paa na wanyama wote waliruka sawasawa, na mama akadai anapuliza.

Lalamiko la mama lina umri kumshinda yeye. Mwaka 1928 mkutano wa serikali za kikoloni ulikaa papa hapa Mombasa, ukachagua Kiunguja kiwe Kiswahili sanifu, Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kikaachwa kibarazani. Tahajia tuliyopewa ina k moja tu, haitenganishi kaa na k'aa. Sheikh Yahya Ali Omar, mwana wa Mombasa aliyefundisha SOAS kule London, hakuliachia jambo hilo: mwaka 1997 yeye na P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo ya kuandika Kiswahili hicho cha Mombasa kwa herufi za Kiarabu. Niliyaeleza haya usiku ule. Mume wangu, akikung'uta kofia dirishani, akasema yeye angeshukuru kupata mapendekezo ya kutoa vumbi la makaa.

Ijumaa alikwenda msikitini na kofia ya zamani. Mtoto akaenda shule na kijiko, kikombe, kitana, kamba na gamba la kaa, na mfukoni ule unyoya, ingawa hauanzi kwa k. Saa nne mwalimu akatuma picha: darasa zima limeshika vipande vya karatasi mbele ya midomo, linapuliza. Chini yake akaandika kwamba juma lijalo ni sauti ya p.

Mume wangu hakungoja. Pochi akaipandisha juu ya kabati, pasi akaifungia chumbani, na pilipili akaniambia nizitoe kabisa nyumbani. Alhamisi iliyofuata, kabla ya magharibi, fundi baiskeli wa jirani akapiga hodi, anaulizia pampu yake.