Jinsi ya Kusuluhisha Ugomvi wa Kamusi na Sarufi kwa Vitenzi Vichache

Wanaisimu wamevutana kwa miongo mingi: sentensi inapoundwa, mwenye kauli ni nani, leksika (hazina ya maneno) au sintaksia (kanuni za kuunda sentensi)? Upande mmoja unadai maneno ni malighafi tu, na kanuni ndizo zinazojenga. Mwingine unadai kila neno huja na masharti yake, sentensi ikatii. Habari njema ni kwamba yeyote anayejua Kiswahili anaweza kuisikiliza kesi hii. Andaa kamusi, kalamu na subira, na usitoe hukumu kabla ya hatua ya tano.

Hatua ya 1: Mpe nafasi aliyedharauliwa. Mwaka 1933 mwanaisimu Leonard Bloomfield aliiita leksika kiambatisho cha sarufi, orodha ya mambo yasiyotabirika. Mjibu kwa kitenzi *weka*. Mwambie mtu “Asha aliweka” kisha unyamaze. Atauliza: aliweka nini, wapi? Sema “Asha aliweka kitabu mezani”, atatulia. Ukisema “Asha alicheka”, hana swali. Tofauti hiyo haimo katika kanuni ya jumla ya sentensi. Imo katika kitenzi chenyewe. Noam Chomsky, ambaye mwaka 1957 aliyaingiza maneno kwa kanuni zilezile za kuunda virai, mwaka 1965 aliitenga leksika na kukiandikia kila kitenzi virai kinavyovitaka.

Hatua ya 2: Fungua kamusi, usome maandishi madogo. Katika *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, kando ya vitenzi utakuta vifupisho *ele* na *sie*: elekezi na si elekezi. Wengi huviruka wakikimbilia maana. Usiviruke. Herufi hizo tatu ni sintaksia iliyohifadhiwa ndani ya kamusi, ushahidi kwamba pande mbili zinazogombana zinalala nyumba moja.

Hatua ya 3: Nyambua, kisha hesabu waliokaribishwa. “Mama alipika wali.” Weka kiambishi cha kutendea: “Mama aliwapikia watoto wali.” Kiambishi kimoja kimeingiza shamirisho jipya kwenye sentensi. Sasa geuza kauli: “Watoto walipikiwa wali” inakubalika kabisa; “Wali ulipikiwa watoto” itamfanya msikilizaji akunje uso. Mgeni ndiye anayepata nafasi ya kiima, mwenyeji anaachwa. Usidhani ni sheria ya dunia nzima. Mwaka 1990 Joan Bresnan na Lioba Moshi walionyesha kwamba katika Kichaga mashamirisho yote mawili yanaweza kuwa kiima. Walilinganisha na Kichewa, ambacho hakiruhusu hivyo. Lugha za Kibantu zimekuwa mashahidi wakuu wa kesi hii, na tuna kila sababu ya kujivunia.

Kuhusu nani aliyemwingiza mgeni, sikiliza pande zote. Bresnan na wenzake wanasema kazi hiyo hufanyika katika leksika: kitenzi hutoka pale kikiwa *pikia*, kimeshaandaliwa washiriki wake. Mark Baker, katika kitabu chake cha 1988, anasema ni kazi ya sintaksia: kipashio chenye kazi ya kihusishi huhama ndani ya sentensi na kuungana na kitenzi. Mwaka 1993 Morris Halle na Alec Marantz walikwenda mbali zaidi, wakaigawanya kazi ya leksika na kuacha sintaksia ijenge hata maneno.

Hatua ya 4: Mwite shahidi mkaidi. Ukishawishika kwamba kanuni inatosha, linganisha “Juma alihama Tanga” na “Juma alihamia Tanga”. Kiambishi kilekile kilichowaletea watoto wali sasa kimegeuza safari nzima. Kisha “alikimbia polisi” na “alikimbilia polisi”: silabi moja inamtenganisha mtuhumiwa na mlalamikaji. Halafu “alimwonea”: aliyeonewa hakuonwa kwa niaba ya mtu, alidhulumiwa. Huwezi kuzipata maana hizi kwa kujumlisha shina na kiambishi bila kukijua kitenzi chenyewe, na ya mwisho lazima ihifadhiwe kichwani. Chomsky alikuwa na hoja ya jamaa hii mwaka 1970 alipokataa kuziunda nomino za Kiingereza zitokanazo na vitenzi kwa kugeuza sentensi, kwa kuwa maana zake hazitabiriki.

Hatua ya 5: Piga, uone kinachotokea. Piga simu, piga pasi, piga kura, piga mswaki, piga mbizi. Hakuna anayeumizwa. Maana haimo katika kitenzi peke yake wala katika kanuni ya kitenzi na shamirisho. Imo katika muungano mzima. Kwa mifano ya namna hii watetezi wa sarufi miundo, Adele Goldberg akiwa miongoni mwao katika kitabu cha 1995, wanasema leksika na sintaksia ni mwendelezo mmoja: kuanzia neno hadi kiunzi cha sentensi, tunahifadhi maumbo yenye maana.

Hukumu. Usimuulize mwananadharia nani bosi. Muulize mambo mawili: nini unakihifadhi, na nini unakizalisha? Kila nadharia hulipa gharama mahali fulani. Inayotwisha leksika mzigo lazima ieleze kwa nini *pikia*, *somea* na *chezea* zinafanana mno. Inayotwisha sintaksia lazima ieleze *onea*.

Na kama unafundisha Kiswahili, acha kuwapa wanafunzi orodha tupu ya vitenzi na maana zake, halafu miezi mitatu baadaye jedwali tupu la minyambuliko. Kila kitenzi kipya kiandike ndani ya sentensi yake, kisha kinyambue palepale, uwaulize: nani kaingia, nani katoka, na maana imekwenda wapi? Mwanafunzi akijibu hayo, amejifunza kamusi na sarufi kwa kipindi kimoja.