Upupu Ukweni

Mwandishi wa makala haya alikwenda ukweni Muheza amevaa shati la mikono mifupi. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili ni kujitolea kwenda kuchuma machungwa, ili ionekane kwamba mkwe wa Dar es Salaam naye ana mikono. La tatu alilifanyia uzioni: aliona maganda yaliyojipinda kama herufi S, yamevaa manyoya ya hudhurungi, laini kama mahameli, akayasukuma kwa kiwiko apite.

Wenye shamba hawayasukumi. Hupita mbali, tena wakijua upepo unatokea wapi.

Mwanzoni kiwiko kiliwasha kana kwamba kimepandwa na siafu mmoja. Mara siafu akaita ukoo. Akakuna. Vidole vikachukua mzigo, vikaupeleka shingoni, kutoka shingoni kiunoni, na kutoka kiunoni mpaka pale ambapo mtu hakuni mbele ya mama mkwe. Naye mama mkwe alikuwa barazani, ungo mapajani, anachagua mchele.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Mbona unacheza?”

Aliyemwokoa ni bibi wa mkewe. “Mume wangu, usikune! Huo upupu!”

Mjini neno hilo siku hizi ni jina la maneno ya hovyo: fulani kaongea upupu. Aliyebuni matumizi hayo hakuwahi kukutana na wenyewe, maana maneno ya hovyo ukiyapuuza huisha. Wataalamu wa mimea huuita Mucuna pruriens, na hilo neno la pili ni Kilatini cha “wenye kuwasha”, kwa hiyo onyo limo ndani ya jina. Kila kinyweleo cha ganda ni kama kisindano chenye kimeng'enya kiitwacho mukunaini. Kinachoma ngozi juujuu tu, halafu kimeng'enya kinaamsha mishipa ya fahamu inayopeleka habari za muwasho. Anayekuna huvizamisha visindano hivyo na kuvisambaza. Waingereza wa karne ya 18 waliwahi kuvichanganya na sharubati nzito na kuvinywa kama dawa ya minyoo. Ukiwa mnyoo, kwa kweli, ungebaki kufanya nini?

Basi baraza likageuka hospitali yenye madaktari wengi kuliko wagonjwa. Shemeji alileta kibatari na pendekezo la mafuta ya taa. Mama mkwe akamfukuza, na haki ilikuwa yake, kwani mafuta ya taa huunguza ngozi ambayo tayari ina matatizo yake. Jirani akataja kinyesi cha ng'ombe. Mgonjwa alimshukuru kwa moyo mmoja. Shemeji, asiyekata tamaa, akapanda bodaboda kufuata kidonge cha mzio. Kidonge hicho huzuia histamini, na muwasho wa upupu kwa sehemu kubwa haupitii njia hiyo, kama watafiti wa Marekani walivyoonyesha. Kazi yake ikawa kuleta usingizi: mkwe akasinzia huku anawashwa.

Bibi hakuwa na haraka. Alichota jikoni majivu ya jana, yaliyopoa kabisa, akayachekecha kwa chujio la chai, akayanyunyiza mkononi na shingoni, kisha akayakung'uta kwa kitambaa kikavu kuelekea upande mmoja, bila kusugua. Nusu ya adha ikaondoka nayo. Huko chini ya kiuno mgonjwa alipewa kopo la majivu na mlango wa chumba.

Nusu iliyobaki ilimalizwa na mtoto wa darasa la tano. Alitoa begini selotepu ya kujaladia madaftari, akabandika kipande shingoni, akabandua, akakiinua kwenye mwanga: vinyweleo vimejipanga gundini kama ndevu. Akabandika kingine, kwanza mahali pakavu, kila mara kipande kipya. Hata maabara zinazochunguza muwasho huviondoa hivyo hivyo kwa watu wa kujitolea. Mtoto hakusema yeye alijifunzia wapi, na hakuna aliyemuuliza habari za kiti cha mwalimu.

Ndipo yakaja maji ya bomba na sabuni, na kitambaa cha baridi juu ya vipele. Machoni, kwa bahati, upupu haukuingia. Huko hakuna majivu wala selotepu, ni maji safi mengi na safari ya zahanati.

Shati liliwekwa kwenye beseni peke yake. Suruali hakuna aliyeikumbuka, na asubuhi mwenyewe akaivaa kurudi Dar. Basi lilipokaribia Segera, mama aliyeketi kando yake alianza kujikuna paja, halafu mkono, halafu akamgeukia.

“Kaka, hili basi lina kunguni?”

“Nahisi hivyo, dada,” akajibu, akasogea dirishani.