Ubingwa wa Dunia wa Hoki ya Barafuni: Mwongozo kwa Wakazi wa Ras Mkumbi

Kila Mei, masika ikiwa inamwagika Mafia na kusi imeanza kuwatuliza wenye ngalawa, timu 16 bora za taifa hukutana kugombea ubingwa wa dunia wa hoki ya barafuni. Wewe uko Bweni, jirani na mnara wa taa wa Ras Mkumbi uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892, na hakuna aliyekutumia kadi ya mwaliko. Hudhuria hivyo hivyo. Mashindano yameitwa ya dunia, na Mafia imo duniani.

Saa zinakupendelea. Mechi ya usiku ikianza, tuseme, Zurich saa 2:20, kwetu ni saa 3:20, watu wameshaswali isha na kula. Ligi ya Mabingwa Ulaya inatukalisha macho kuanzia saa nne, wakati mwingine saa tano, na hatulalamiki. Kazi iko kwa mwenye kibanda umiza. Mei ndiyo Simba na Yanga wanamalizia hesabu za ligi, kwa hiyo usimwendee siku ya mechi yao. Mwendee katikati ya wiki, mapema, na heshima zako zote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo nani na nani?"

"Latvia na Uswisi. Wanacheza juu ya barafu."

"Barafu hii hii ya samaki?"

Mjibu ndiyo, maana ni kweli tupu. Kiwanja cha barafu ni sakafu ya zege yenye mabomba ndani yake, na katika mabomba mara nyingi hupita maji ya chumvi yaliyopozwa chini ya nyuzi sifuri. Chumvi ndiyo inayoyazuia yasigande. Juu ya zege hunyunyizwa maji, tabaka juu ya tabaka, mpaka barafu ifike unene wa sentimita tatu hivi. Mitambo mingi ya mapande ya barafu ya samaki inafuata kanuni hiyo hiyo: makopo ya maji safi yanatumbukizwa katika tangi la maji ya chumvi yenye baridi kali, yanaganda, yanatolewa. Mvuvi anayefikisha changu wake Kilindoni ndani ya barafu anaishika kila siku kazi ya ufundi ule ule unaowatelezesha mabingwa wa dunia. Mwambie hivyo, na umwambie kwa sauti ya kusikika na wote waliokaa kwenye mabenchi.

Sheria zisikutie hofu, nusu yake watu wako wanazijua. Kuotea kupo, ila kunapimwa kwa mstari wa buluu: kisahani, ambacho ndicho mpira wao, kivuke kwanza, mshambuliaji afuate. Kila upande una wachezaji sita, kipa akiwemo, na vipindi ni vitatu vya dakika 20. Saa husimama kila filimbi inapolia, kwa hiyo kujilaza chini ili dakika ziishe hakuna faida. Mchezaji anakimbia kwa nguvu zote chini ya dakika moja, anaruka ukuta kwenda kupumzika, mwenzake anaruka kuingia, na mchezo haujasimama. Akicheza rafu anafungiwa kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili huku timu yake ikibaki pungufu. Waandae watu mapema kwa jambo moja: timu iliyo nyuma kwa bao moja, dakika za mwisho, humtoa kipa wake ili iongeze mshambuliaji, na goli linabaki tupu. Nakuhakikishia hakuna atakayebaki amekaa.

Sasa chagua timu, maana kutazama bila upande ni kupoteza usiku. Mimi nakushauri Latvia. Nchi hiyo haifikishi watu milioni mbili. Tarehe 28 Mei 2023, mjini Tampere, iliifunga Marekani 4-3 katika muda wa nyongeza na kutwaa shaba, medali yake ya kwanza katika mashindano haya. Usiku ule ule bunge lao likakutana na kuitangaza Jumatatu iliyofuata kuwa siku ya mapumziko. Wabunge walitoka majumbani mwao usiku kwa ajili ya nafasi ya tatu! Kama moyo wako una huruma zaidi, chukua Uswisi, waliofika fainali mwaka 2013, 2018, 2024 na 2025, wakashindwa zote. Ile ya 2025 walifungwa na Marekani bao moja tu, katika muda wa nyongeza.

Masika ikipita, vijana watataka kucheza, na hapo usiwaambie wasubiri umeme wa kugandisha uwanja. Subirini bamvua. Maji yakikupwa mnamo saa nne asubuhi, mchanga wa ufukweni unabaki mgumu na umelowa. Pimeni mita 60 kwa 30. Fimbo iko mnazini: upongoo wa kuti kavu, pale shinani unapopanuka na kupinda, umeshachongwa na Mungu. Kisahani halisi ni cha mpira mgumu, upana sentimita 7.6, unene 2.5, uzito kati ya gramu 156 na 170. Mwendeeni fundi wa katambuga awakatie duara kwenye tairi nene. Tairi nalo ni mpira uliopikwa na salfa, kama kisahani chenyewe. Kipa avae vitu vinene miguuni na kifuani, na katika hili msimwonee haya mtu yeyote: kisahani cha tairi kinaumiza.

Atakayesema Mwafrika wa karibu na ikweta hana lake kwenye barafu, mpelekeni Nairobi. Hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, ilifungua kiwanja cha barafu mwaka 2005, kidogo kuliko kipimo cha kimataifa, na humo ikazaliwa Kenya Ice Lions. Kwa miaka walikuwa timu pekee nchini, wakigawana wao kwa wao kwa sababu hapakuwa na wa kucheza naye. Mwaka 2018 kampuni moja ya kahawa ya Kanada iliwasafirisha huko, wakavaa jezi na kuingia uwanjani pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, majina makubwa kabisa ya mchezo huu. Septemba 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni. Afrika Kusini imo tangu 1937. Tanzania bado, na mimi sioni kwa nini jina letu lichelewe wakati jirani ameshabisha hodi na kufunguliwa.

Kwa hiyo kijana wa Bweni aliyeizoea fimbo ya upongoo apewe nauli. Apande gari mpaka Kilindoni, boti mpaka Nyamisati, basi mpaka Dar es Salaam, kisha basi la Nairobi. Abebe soksi nene na sweta, na akifika kiwanjani aombe kufundishwa kusimama kwanza kabla ya kuteleza. Kulenga goli hawatakuwa na la kumfundisha sana.