Bandari Iliyorukwa

Meli ya kitalii huruka bandari kwa uamuzi wa nahodha, na uamuzi huo haukatiwi rufaa. Mara nyingi kisa ni upepo. Meli za siku hizi ni ghorofa kumi na zaidi za vyumba, na ubavu wa urefu huo hushika upepo kama tanga ambalo hakuna baharia awezaye kulikunja. Visa vingine ni ukungu, injini iliyogoma, mgonjwa wa kukimbizwa hospitali, au vita, kama ilivyotokea Bahari ya Shamu tangu mwishoni mwa 2023. Maharamia nao wamo: Novemba 2005 meli ya Seabourn Spirit, ikiwa njiani kwenda Mombasa, ilishambuliwa karibu na pwani ya Somalia, ikaelekea Ushelisheli, na Mombasa ikabaki inasubiri.

Zinazorukwa zaidi ni bandari zisizo na gati la kutosha meli kubwa. Huko meli hutia nanga nje, abiria wakashushwa kwa mashua. George Town katika visiwa vya Cayman ni ya namna hiyo, lakini wasafiri wazoefu wakitaka kutishana huitaja Stanley, mji mkuu wa visiwa vya Falkland, kusini kabisa mwa Atlantiki. Meli kubwa husimama Port William, na mashua hupenya mlango mwembamba wa bahari hadi kigati cha mjini. Upepo wa huko hauna adabu: alfajiri shwari, saa nne kofia zinaruka. Nahodha haogopi sana kushindwa kuwashusha watu. Anachoogopa ni kushindwa kuwarudisha, maana mji wote hauna watu elfu tatu, na meli moja yaweza kuleta wageni karibu idadi hiyohiyo, wote wakitaka vitanda.

Tangazo hutolewa asubuhi, abiria wakiwa wamekwisha vaa makoti mawili mawili na kuchaji kamera. Nahodha akianza kwa kusifu jinsi bahari ilivyokuwa tulivu jana, waliozoea huvua makoti kabla hajamaliza. Wasiozoea hutoka nje kuangalia, na papo hapo meli hupata manahodha wapya mia kadhaa. Mtu ambaye hajawahi kushika kasia hata la mtumbwi hueleza kwa nini mawimbi yale si kitu. Mwingine hutaja meli iliyoingia juzi, tena ndogo kuliko hii. Wa tatu huuliza mbona jua linawaka, kana kwamba jua na upepo haviwezi kutoka pamoja.

Kisha foleni ya kaunta ya wahudumu hurefuka hadi kwenye ngazi. Jibu linalosubiriwa huko limo katika mkataba wa safari, ule ambao kila mtu hukiri kuwa ameusoma: kwa kawaida kampuni inaruhusiwa kubadili au kuacha bandari bila kulipa fidia. Kinachorudishwa ni ada na kodi za bandari, kiasi cha kunywea, si cha kusafiria, na mara nyingi huingizwa kwenye akaunti ya chumba, ambayo hutumika humo humo melini. Matembezi yaliyonunuliwa kwa kampuni ya meli hurejeshewa fedha. Aliyepanga mwenyewe kwa bei nafuu na dereva wa huko hubaki akimwomba Mungu dereva awe mtu mwema.

Siku iliyobaki huitwa siku ya baharini. Kasino na maduka, ambayo katika bandari nyingi hutakiwa kufungwa, hufunguliwa asubuhi; viti vya kando ya bwawa hukaliwa na taulo zisizo na wenyewe; na wapishi waliotarajia nusu ya walaji huletewa wote, wenye hasira, na hasira huongeza njaa. Wafanyakazi waliokuwa na saa mbili za kushuka kupiga simu nyumbani hupoteza pia, ila wao hawana foleni ya kulalamikia.

Stanley kwenyewe hasara ni kubwa zaidi. Madereva wenye magari ya kuvuka matope hadi kwa pengwini wa Volunteer Point, saa kadhaa kwenda na kurudi, hurudi nyumbani na matangi yaliyojaa. Keki za wageni huliwa na wenyeji. Pengwini hawapewi taarifa, wala hawaonekani kuihitaji.

Zipo bandari ambazo kampuni huzikumbatia hata bila hamu. Sheria ya Marekani ya 1886 huzuia meli yenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani bila kugusa nchi nyingine. Kwa hiyo meli nyingi zitokazo Seattle kwenda Alaska hupitia Victoria, Kanada, mara nyingi jioni, kwa saa chache tu. Abiria huuliza kwa nini wamefikishwa wakati maduka yanafungwa. Sheria inataka meli ifike; ununuzi wao haukutajwa.